Umefunga saspensheni mpya kwenye Starlet ya mbio na gari limekuwa baya zaidi: dalili na visababishi

Toyota Starlet changa kuliko zote ilitoka kiwandani mwaka 1999. EP82, toleo la Starlet lililoanza mwishoni mwa 1989, ni mzee zaidi. Ukifunga koilova mpya (shokapu zilizovaa springi, zenye kurekebishwa urefu) kwenye gari kama hilo, unazifunga pamoja na bushi, maunti (vishikio vya juu vya shokapu), boli jointi na bimu ya nyuma ambazo huenda hazijaguswa tangu gari likiwa Japani. Ndiyo maana mtu anamaliza akiba yake, anakwenda uwanjani Jumapili, na saa inamwonyesha muda mbaya kuliko alipokuwa na shokapu zake za zamani.

Maelezo haya ni ya EP82 na EP91 (toleo lililoifuata), lakini yanafaa pia kwa ndugu zake: Vitz ya kwanza, Demio ya zamani, Golf ya kizazi cha pili. Yote yanavutwa na matairi ya mbele, yana shokapu za MacPherson mbele na bimu inayojipinda nyuma. Fuata dalili unayoisikia au kuiona, kisha shuka kwenye visababishi vyake kwa mpangilio nilioweka. Vilivyo rahisi kukagua vimetangulia.

Nitasema mapema ninachokiamini, kwa sababu kitarudi mara nyingi humu: kabla hujalaumu ugumu wa springi, jua shokapu imebakiwa na nafasi gani ya kupanda na ya kushuka. Magari mengi yaliyoshushwa yamekwisha kukosa nafasi hiyo hata kabla ya kuingia kona ya kwanza.

Kabla ya kushika spana

Ondoa spesa. Magari madogo ya mijini kwetu yameinuliwa ili yasikwangue matuta, ama kwa spesa za chuma juu ya maunti, ama kwa zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Nimeona koilova za bei zikifungwa chini ya spesa zilezile za zamani, eti "zisipotee". Spesa ya juu inafanya tairi lining'inie chini zaidi gari linapoinuka, na sivi jointi (kiungo cha mwisho wa draivu shafti) inafanya kazi katika pembe ambayo haikuundiwa. Raba ya katikati nayo inaua mizunguko miwili mitatu ya springi, kwa hiyo springi inakuwa ngumu upande mmoja kuliko mwingine.

Kagua matairi. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT: wiki na mwaka. Tairi lililokauka halitibiwi na saspensheni yoyote.

Funga tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye shafti ya kila shokapu. Iwe inakaza kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa lakini isianguke yenyewe. Iteremshe hadi iguse mwili wa shokapu, kimbia mzunguko mmoja, kisha tazama imesukumwa hadi wapi. Kifaa hiki cha shilingi chache kitakujibu maswali mengi kuliko fundi yeyote. Hakifanyi kazi kwenye shokapu zilizopinduliwa, ambazo shafti yake imefichwa ndani. Kwa hizo, ikiwa raba ya kugotea (ile inayopokea shokapu ikifika mwisho wa kupanda) iko nje, ipake grisi kidogo uone kama inaguswa.

Mwisho, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike. Na gari likiwa juu, liwe kwenye stendi. Jeki peke yake si ya kulala chini yake.

Gari linadunda, linaruka, tairi halikai chini

Hii ndiyo dalili kubwa, na ina sura nne ambazo watu huzichanganya.

Sura ya kwanza: gari linapita juu ya tuta dogo sawasawa, lakini likikutana na tuta likiwa ndani ya kona, linaruka upande kwa ghafla. Tazama tai ya plastiki. Ikiwa imesukumwa hadi kwenye raba ya kugotea, jibu umelipata: gari limelalia upande, shokapu ya nje imemaliza nafasi ya kupanda, na tuta limeikuta haina pa kwenda. Kwa sekunde hiyo springi yako ni ile raba, na ugumu wake unapanda ghafla kupita springi yoyote ya dukani.

Kisababishi cha kawaida ni kushusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi peke yake. Ukishusha milimita 40 kwa njia hiyo, umekula milimita 40 za kupanda. Koilova ambazo mwili wake wenyewe unarefushwa na kufupishwa kwa chini hazina shida hiyo, kwa sababu unashusha gari bila kugusa nafasi ya shafti. Lakini hapo kagua kama tairi linagusa fenda ya ndani usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Tiba ya bei nafuu ni kupandisha gari milimita 15 au 20 na kujaribu tena. Watu hawaipendi kwa sababu gari linaonekana vibaya kwenye picha. Kukata raba ya kugotea kunasaidia kidogo tu, na ukiimaliza yote, chuma kitagonga chuma ndani ya shokapu na vali itavunjika.

Sura ya pili: tairi linaning'inia, linapoteza ardhi kwenye mashimo na kwenye ukingo wa kona, na gurudumu la ndani linazunguka bure ukikanyaga mafuta. Hapa kinachokosekana ni nafasi ya kushuka. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme kila springi ya mbele imebeba kilo 240. Springi za Kijapani huandikwa kwa kilo kwa milimita, basi springi ya 2 itabonyea milimita 120 gari likikaa chini, ya 4 itabonyea 60, na ya 8 itabonyea 30 tu. Hizo 30 ndizo tairi linaweza kushuka kabla springi haijalegea kabisa. Kwenye lami laini zinatosha. Kwenye vumbi, ambako autokrosi ya Kenya inakimbiwa, hazitoshi hata kidogo.

Kwa hiyo, ukinunua koilova za lami kutoka Japani zenye springi za 8 mbele ukazipeleka kwenye uwanja wa vumbi, usishangae dereva mwenye springi za kawaida na shokapu nzima akikuacha. Gari la vumbi linataka urefu wa kiwandani au juu yake kidogo, springi ya wastani (3 hadi 4 mbele ni mahali pazuri pa kuanzia kwa gari la uzito huu), shokapu ndefu na ngao ya sampu. Gari la lami ni gari jingine. Kama unataka kukimbia kote kwa gari moja, lijenge kwa ajili ya vumbi, maana gari la vumbi likienda lami litakuwa la polepole, lakini gari la lami likienda vumbini litavunjika.

Sura ya tatu: tuta la kwanza zuri, la pili la wastani, la tatu gari linapiga tumbo. Hiyo ni shokapu inayorudi polepole mno. Kila tuta linaibonyeza, na kabla haijarudi juu tuta lingine limefika, kwa hiyo gari linazama taratibu hadi kwenye raba. Utaipata sana kwenye vumbi lenye mawimbi. Fungua kirekebishi cha shokapu kliki mbili au tatu kuelekea upande laini, mbele na nyuma, ujaribu tena. Watu wengi hukaza kliki mpaka mwisho wakidhani ngumu ndiyo ya mbio.

Sura ya nne: gari likipita tuta moja linaendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu. Shokapu imekufa, au haikuwahi kuwa na nguvu ya kushika springi uliyoiwekea. Springi ya 2 chini ya uzito ule wa kilo 240 inataka kucheza takribani mara 1.4 kwa sekunde, na ya 4 mara 2. Shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kwa ile ya kwanza. Springi fupi za kushushia zikiwekwa juu ya shokapu za kawaida, shokapu huishi miezi michache.

Neno kuhusu kukata springi. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, hilo ni kweli: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Ikikatwa kwa grainda bila kuchemka, na mwisho wake ukakaa vizuri kwenye kikalio, inaweza kufanya kazi. Ile ya kuchomwa kwa gesi mpaka ikalala haifai kwa gari la mbio wala la sokoni, kwa sababu chuma kimepoteza ugumu wake na kitaendelea kulala au kitavunjika.

Kuna kitu kinagonga

Sikiliza kinagonga lini, kwa kuwa wakati wa mlio ndio unaokuonyesha mahali.

Ukikata usukani gari likiwa limesimama na unasikia "ting" kama waya umekatika, mwambie mtu akate usukani huku wewe umeweka kiganja kwenye springi. Ukihisi springi inajikunja kisha inaruka, beringi ya maunti imeshika. Maunti za Starlet za umri huu karibu zote zimechoka, na kufunga koilova kwenye maunti za zamani ni kutupa pesa. Hakikisha pia mpangilio wa washa za juu ni sahihi. Washa moja ikipinduliwa, springi inasugua mwili badala ya kuzunguka na beringi.

Mlio wa "ko" mara moja ukifunga breki, na "ko" nyingine ukirudi rivasi ukafunga tena, ni bushi ya nyuma ya lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika tairi kwenye chesisi. Weka kipande cha chuma kirefu kati ya amu na chesisi, sukuma. Amu ikicheza kwa uwazi, raba imechanika.

Ko-ko-ko mfululizo kwenye vijiwe vidogo kwa mwendo wa chini, anza na linki za stabilaiza, ile fito inayozuia gari kulalia upande. Zifungue zote mbili, endesha polepole mahali salama. Mlio ukiisha, umepata. Kwenye gari lililoshushwa, linki ya urefu wa kiwandani huweza kuisukuma stabilaiza mpaka iguse draivu shafti au amu, na huo mlio hauponi kwa linki mpya ya urefu uleule. Inahitajika fupi zaidi. Mlio usipoisha, nenda kwenye nati ya juu ya shokapu, kisha boli jointi, kisha tairodi endi, kisha raki. Kwa waliotumia shokapu za kuingiza ndani ya bomba la zamani, nati kubwa ya mdomo wa bomba ikilegea kidogo tu, shokapu yote inacheza ndani, na fundi atabadilisha kila kitu kabla hajaifikiria.

Zile bolti mbili zinazoshika shokapu na chuma kinachobeba beringi ya tairi zinastahili aya yao. Watu wakitaka kemba zaidi (tairi kulala ndani kwa juu) hutanua tundu la juu kwa faili au hutumia bolti nyembamba. Bolti isipokazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, inateleza unapogonga shimo: unasikia "ko" moja, na kuanzia hapo usukani umekaa upande na kemba ya kushoto si ya kulia. Piga alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye shokapu hadi kwenye chuma hicho. Alama ikikatika, bolti imeteleza.

Mlio unaokuja gari likitua baada ya kuruka ni springi iliyolegea ikirudi kwenye kikalio. Inua gari, tairi likining'inia, jaribu kuizungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, weka springi ndogo laini ya kusaidia chini yake. Kazi ya hiyo ndogo ni kuishika kubwa mahali pake tu, haibebi uzito.

Mlio wa "nyiii" ni bushi ngumu za polyurethani zilizofungwa kavu. Zitoe, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya mafuta ya petroli usiipeleke karibu na raba zako nyingine, inazivimbisha. Kwenye bimu ya nyuma mimi singeweka bushi ngumu za aina hiyo kabisa. Bimu inajipinda kazini na ncha zake zinahitaji kutoa nafasi kidogo pande zote. Ukizinyima, nyuma inakuwa ngumu kwa namna usiyoweza kuirekebisha kwa springi.

Kuna kosa moja la gereji linaloharibu bushi mpya za raba ndani ya wiki chache. Fundi anafunga amu gari likiwa juu, matairi yananing'inia, na anakaza bolti pale pale. Ndani ya bushi ya raba kuna bomba la chuma lililogandishwa na raba. Bolti ikikazwa, bomba hilo haliwezi kuzunguka tena, na raba ndiyo inayojipinda. Kwa hiyo gari likishuka chini, raba tayari imepindwa mpaka karibu mwisho wake. Gari linakaa juu kuliko ulivyopanga, linakuwa gumu, linalia, na bushi inachanika. Tiba haina gharama: legeza bolti zote za bushi, shusha gari kwenye matairi yake, weka dereva au uzito wake ndani, lisukume mbele na nyuma mara kadhaa, halafu ndipo ukaze. Ukibadilisha urefu wa gari baadaye, rudia.

Pua haitaki kuingia kona

Uliza kwanza: inakataa wakati gani? Ikikataa mwanzoni, unapoingia na breki, kisha ikakubali, mara nyingi tou ya mbele imefungwa ndani mno au shokapu za mbele ziko laini kuliko springi. Tou ni matairi kuelekeana kwa mbele au kuachana. Gari la mbio la kuvuta mbele hupenda matairi yaachane kidogo, milimita 1 hadi 2 kwa jumla.

Ikikataa katikati ya kona, piga chaki kwenye bega la tairi la mbele la nje kabla ya mzunguko. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, tairi linalala: kemba haitoshi au upepo ni mdogo. Kwenye lami, gari hili linataka kemba ya kuingia ndani ya nyuzi 2 hadi 3 mbele. Kwenye vumbi nyuzi 1 hivi inatosha, kwa sababu tairi linahitaji kukanyaga kote wakati wa breki.

Ikikataa mwishoni, unapokanyaga mafuta, na tairi la ndani linazunguka moshi, kagua stabilaiza ya mbele. Bango la duka linasema stabilaiza nene ni bora. Kwa gari la kuvuta mbele lenye difu ya kawaida, stabilaiza nene ya mbele inainua tairi la ndani, lile lile linalohitaji kushika. Ugumu upeleke nyuma, na mbele acha ya kiwandani. Kwenye vumbi wengine huiondoa kabisa ya mbele.

Halafu kuna hali inayowashangaza wengi: gari limeshushwa sana na sasa linalalia upande kuliko zamani. Piga magoti mbele ya gari, tazama lowa amu. Kwenye urefu wa kiwandani, ncha ya tairi iko chini kidogo ya ncha ya chesisi au iko sawa nayo. Ukishusha sana, ncha ya tairi inakuwa juu. Hapo nukta ambayo bodi linaizunguka linapolala inaporomoka chini haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, kwa hiyo mkono wa kulipindua unarefuka. Tairi nalo, likipanda, linapoteza kemba badala ya kuongeza. Mtu akiona hivyo anaweka springi ngumu zaidi, na hesabu inaanza upya. Pandisha gari hadi amu ilale sawa na ardhi. Au tafuta boli jointi zenye shingo ndefu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na ukizifunga kagua kama zinagusa rimu.

Mkia unatangulia

Gurudumu la nyuma la ndani kuinuka hewani kwenye kona si ugonjwa. Hatchback ya kuvuta mbele yenye nyuma ngumu huinua mguu, na picha zake ni nzuri. Ugonjwa ni mkia kutoka ghafla, bila kukuonya.

Mkia ukitoka unapoachia mafuta katikati ya kona, angalia upepo wa matairi ya nyuma, kisha tai za plastiki za nyuma. Nyuma kuna uzito mdogo, watu hushusha mno, na raba za kugotea huguswa mapema. Kisha pima tou ya nyuma. Bimu haina bolti ya kurekebisha, kwa hiyo tairi la nyuma likiwa limetazama nje, ama bimu imepinda, ama beringi imekwisha. Bimu ya gari lililowahi kugonga ukingo wa barabara hupinda bila kuonekana kwa macho. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa vibamba vyembamba kati ya habu na bimu. Kubwa inataka bimu nyingine.

Mkia ukitoka wakati wa breki peke yake, shuku breki kabla ya springi. Baadhi ya magari, Golf za kizazi cha pili zikiwemo, yana vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na bimu ili isome uzito. Ukishusha gari, vali inadhani umepakia abiria na mizigo, inapeleka nguvu zaidi nyuma. Irekebishe kwa urefu mpya.

Gari linatangatanga au linavuta upande

Badilisha matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia (kama si ya kuzunguka upande mmoja). Mvuto ukihama nayo, ni tairi. Usipohama, nenda alaimenti.

Ikiwa gari linanyooka kwenye barabara laini lakini linajikata lenyewe kila likipanda tuta, hiyo ni tairodi na lowa amu kutokwenda sambamba baada ya kushushwa. Toa springi, panua na punguza urefu kwa jeki chini ya amu, huku ukitazama ubao ulioegeshwa kwenye rimu: utaona tairi likigeuka bila usukani kuguswa. Dawa ni ileile, pandisha gari au shusha ncha ya tairodi.

Alaimenti unaweza kuifanya nyumbani. Zungushia gari kamba iliyonyooka kwenye stendi nne, sambamba na mstari wa kati wa gari, kisha pima kutoka kamba hadi mdomo wa mbele wa rimu na mdomo wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 14, nyuzi 1 ni kati ya milimita 6 na 7. Mashine ya mjini ni nzuri, ila ikiwa mwenye mashine ataweka namba za kiwandani bila kukusikiliza, kamba yako ni bora.

Kona za kushoto tamu, za kulia chungu

Vikalio vya springi haviko sawa, au linki za stabilaiza zimefungwa zikiwa na mvutano. Kupima kutoka fenda hadi ardhini kunadanganya kwenye bodi la miaka 30. Pima nyuzi za skrubu za koilova zenyewe, halafu urefu wa chesisi. Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo kaa ndani au weka mifuko ya mchanga ya uzito wako. Linki zenye kurefushwa zifunge mwisho, gari likiwa chini, na urekebishe ya pili mpaka bolti iingie kwa vidole bila kusukumwa.

Tairi linalika ndani

Watu hulaumu kemba. Kemba inakula polepole na kwa usawa. Ikiwa ukingo wa ndani umekwisha kwa majuma machache na ukipitisha kiganja unahisi meno, ni tou. Rekebisha tou kwanza, na kumbuka kwamba kila ukigusa kemba au urefu, tou inahama.

Buti za sivi zinapasuka, paipu ya breki inavutika

Inua gari, acha matairi yaning'inie, kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Paipu za breki zisikaze na zisiguse koilova. Waya za ABS vivyo hivyo. Buti ya sivi ikiwa imejikunja na kujisugua yenyewe, pembe imezidi. Hiki ni kipengele kifupi lakini usikiruke, maana paipu ikikatika huko uwanjani hutakuwa na breki.

Shokapu inatoka oili

Ukungu mwembamba wa oili juu ya mwili wa shokapu ni kawaida. Oili inayoteremka na kukusanya vumbi ni sili iliyokufa. Vumbi letu ndilo linaloziua: likikaa kwenye shafti, kila mpando linakwaruza sili. Buti za kuzuia vumbi, ambazo wengi huzitupa ili rangi ya springi ionekane, zirudishe.

Ukinunua za mitumba, iwe Kirinyaga Road (Nairobi), Gerezani (Dar es Salaam) au Kisekka (Kampala), usinunue kwa rangi wala jina. Toa springi, simamisha shokapu wima, bonyeza shafti hadi mwisho kwa mwendo mmoja. Ukikuta mahali pasipo na ukinzani katikati ya njia, vali au oili imekwisha. Ya gesi lazima ijirudi yenyewe juu, polepole. Isiporudi, gesi imetoka. Pitisha ukucha kwenye shafti kutafuta mikwaruzo, izungushe uone kama imepinda, kisha linganisha na pacha wake, zibonyezwe pamoja kwa mikono miwili. Zikitofautiana, muuzaji hata akupunguzie nusu ya bei, ziache. Na nyuzi za skrubu za ringi za urefu zikiwa zimeganda kwa kutu, ujue hutaweza kurekebisha urefu hata siku moja, kwa hiyo unanunua springi fupi kwa bei ya koilova.